Kabla Hujapiga Window

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Imekufa tena."

Ndivyo tulivyoamkiana jioni moja hapa Mponde, ukungu umeshashuka hadi kwenye migomba na mashamba ya chai hayaonekani tena. Mwalimu alikuwa ameifunga laptopu yake kwa khanga, na juu ya khanga mfuko wa nailoni, kama anayempeleka mtoto hospitali. Tangu asubuhi mashine ilikuwa imefanya kazi bila kinyongo: amechapa mtihani, amejumlisha alama, amepanga majina ya darasa zima. Saa kumi jioni akawasha hotspoti ya simu ili aingize taarifa za wanafunzi kwenye mfumo wa PReM. Hazikupita dakika tatu. Skrini ikawa bluu, uso wenye huzuni ukatokea, asilimia zikahesabiwa, mashine ikajizima na kujiwasha. Akaunganisha tena, ikaanguka tena.

Kilichomuuma zaidi ni cha wiki mbili nyuma. Fundi mmoja alikuwa amempigia window upya, yaani amefuta Windows na kuisimika tena, kwa tatizo hilohilo. Alama za muhula mzima zilikwenda na window ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kama ana nakala mahali pengine. Kisha ugonjwa ukarudi vilevile ulivyokuwa.

Ulirudi kwa sababu kupiga window kulisafisha nyumba bila kumgusa mkorofi. Windows mpya ilipopata intaneti kwa mara ya kwanza, ilitazama kadi ya waifai iliyomo ndani ya mashine, ikaenda yenyewe kuchukua draiva ileile, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, iliyokuwa ikiiangusha mashine, ikaisimika upya. Ni sawa na kubomoa nyumba ili umtoe mwizi, ukaijenga tena, kisha ukamkabidhi yeye funguo.

Ndugu msomaji, kompyuta inayoanguka kila inapogusa waifai mara nyingi huwa imekwisha kukutajia aliyeiangusha. Jina lake limeandikwa pale kwenye skrini, au limehifadhiwa ndani ya diski. Kazi yako ya kwanza ni kulisoma.

Abiria akilewa, dreva akilewa

Vitabu vinatufundisha tuseme kiendeshi. Mafundi wanasema draiva. Na katika barabara ya Soni kwenda Bumbuli, yenye kona juu ya kona na korongo upande mmoja, tuna dreva. Maneno haya ni ndugu, na undugu wao unafundisha.

Abiria akilewa ndani ya gari, konda humshusha, safari ikaendelea. Dreva akilewa, hakuna wa kumshusha. Wote waliomo wako mikononi mwake. Katika kompyuta, programu ya kuandikia barua, kivinjari na kicheza muziki ni abiria. Programu hizo zikikwama, Windows inazifunga na wewe unaendelea na kazi. Draiva haikai kwenye viti vya abiria. Imo ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, inagusa kumbukumbu na vifaa moja kwa moja. Ikikosea huko, Windows haiwezi kujua ni nini kingine kimeharibiwa, kwa hiyo huvuta breki ya mkono na kusimamisha kila kitu kabla mafaili yako hayajaandikwa upuuzi. Skrini ya bluu ndiyo breki yenyewe. Korongo ni pale ambapo mashine ingeendelea kwenda.

Sisi wa Mponde tunajua maana ya kitu kusimama. Kiwanda chetu cha chai kilisimama mwaka 2013 kwa mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji. Kiwanda kikisimama hakivunjwi kikauzwa vyuma chakavu. Huulizwa kwanza kilichokisimamisha. Laptopu nayo inastahili heshima hiyo.

Kwa nini draiva ya waifai huwa mkorofi kuliko ya kibodi au ya spika? Tazama kazi yake. Taarifa humfikia kwa njia ya hewa wakati wowote, bila kubisha hodi. Ishara hupanda na kushuka ukisogea dirishani. Kila kifurushi cha taarifa lazima kifungwe na kufunguliwa kwa siri. Juu ya hayo, ili kulinda betri, kadi hulazwa na kuamshwa mara nyingi kwa siku. Kila tukio kati ya hayo ni nafasi ya kukosea, na kosa moja kwenye kiini linatosha.

Wala tatizo hili si la mashine kuukuu peke yake. Februari 2021, sasisho moja la Windows 10 toleo la 1909 liliangusha kompyuta za watu pale walipojaribu kujiunga na waifai yenye ulinzi wa WPA3. Kosa lilikuwa 0x7E na faili lililotajwa ni nwifi.sys. Microsoft ilibidi itoe marekebisho ya dharura, KB5001028, nje ya ratiba yake. Na Julai 19, 2024 dunia nzima iliona kwa macho maana ya kosa kwenye kiini: sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, ndege zikakaa chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Hiyo haikuwa draiva ya waifai, lakini ilikaa kwenye kina kilekile. Dawa yake je? Kuiwasha mashine katika hali salama na kufuta faili moja. Window haikuhitaji kupigwa upya.

Mtandao kukatika ni jambo jingine

Watu wengi huniambia, "Mtandao wa huku kwetu milimani ni mbovu, ndiyo maana kompyuta inazima." Hapana. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota Tanzania na kwa majirani zetu. Waya wa baharini ukikatika, kompyuta yako hukaa inasubiri tu. Mnara ukiwa mbali, kurasa hufunguka kwa kuvutana. Bando likiisha, unapata ujumbe wa kununua jingine. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye haki ya kuizima mashine. Ikijizima, ujue kosa limo ndani yake.

Dalili za draiva ya waifai zinajulikana. Mashine huanguka dakika chache baada ya kujiunga na hotspoti. Huanguka ukishusha faili kubwa au ukiwa kwenye mkutano wa video. Huanguka ukifungua kifuniko baada ya kuilaza. Lakini ukichapa barua mchana kutwa huku waifai imezimwa, inatulia kama maji ya mtungini.

Kuna kipimo kisichogharimu hata senti. Siku ya kwanza, zima waifai kabisa na ufanye kazi zako zote. Siku ya pili, acha waifai ikiwa imezimwa, chukua simu ya Android na waya wake wa kuchaji, uichomeke kwenye kompyuta, kisha kwenye mipangilio ya simu uwashe kipengele cha kushiriki intaneti kwa waya wa USB. Sasa unaperuzi kwa bando lilelile, kwa mnara uleule, ila kadi ya waifai haishiriki. Mashine ikitulia siku zote mbili, na ikaanguka siku ya tatu ulipowasha waifai, umeshamkamata kwa asilimia kubwa. Ikiendelea kuanguka hata waifai ikiwa imezimwa, tafuta mkosaji kwingine: kumbukumbu ya RAM, diski, joto, au draiva ya kifaa kingine.

Waya huo wa simu ni njia yako ya kufanyia kazi pia. Mwalimu mwenye tarehe ya mwisho kesho asubuhi, au kijana anayeomba mkopo wa chuo wa HESLB usiku wa siku ya mwisho, asianze upasuaji saa hizo. Achomeke waya, amalize kazi, atibu baadaye.

Soma jina

Skrini ikiwa bluu, usiangalie uso wa huzuni. Shika simu, piga picha ya maandishi ya chini. Kwenye Windows 11 za karibuni usishangae ukiikuta nyeusi badala ya bluu. Microsoft ilibadili rangi mwaka 2025, ujumbe ni uleule. Kuna mambo mawili ya kunasa: msimbo wa kusimama na jina la faili baada ya maneno "What failed".

Msimbo unaeleza aina ya kosa. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, yaani 0xD1, maana yake draiva imegusa sehemu ya kumbukumbu katika wakati usioruhusiwa. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, yaani 0x9F, hutokea draiva ikishindwa kulala au kuamka. Huo ndio ugonjwa wa kufungua kifuniko. DPC_WATCHDOG_VIOLATION, yaani 0x133, ni draiva iliyoshikilia zamu muda mrefu kupita kiasi huku wenzake wakisubiri.

Jina la faili ndilo linalotaja ukoo. Likianza na Netwtw, ni kadi ya Intel. Athw ni Atheros, ambayo sasa iko chini ya Qualcomm. Bcmwl ni Broadcom. Rtwlan ni Realtek. Netr28 ni Ralink. Mtkwl ni MediaTek. Kuona jina la kampuni hapo si kusema kampuni hiyo ni mbaya, maana kila moja ina draiva njema na draiva zenye kasoro. Unachotafuta ni toleo gani linagombana na mashine yako.

Ukikuta ndis.sys au tcpip.sys, tulia kidogo. Hayo ni mafaili ya Microsoft ambayo kila taarifa ya mtandao hupitia. Mara nyingi ni mwenye nyumba ambamo ugomvi umetokea, na aliyeanzisha ni mgeni: draiva ya waifai, programu ya VPN ya bure uliyoisimika mwaka juzi ukaisahau, au kingavirusi cha pili kilichowekwa juu ya cha kwanza. Waondoe wageni wa namna hiyo kwanza, kisha ujaribu tena.

Skrini ikipita haraka kabla hujapiga picha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia "Advanced", kisha sehemu ya "Startup and Recovery", uondoe tiki kwenye "Automatically restart". Anguko lijalo litakusubiri. Unaweza pia kuandika perfmon /rel mahali palepale. Windows itakufungulia kalenda yenye alama nyekundu kwa kila siku mashine ilipoanguka. Linganisha alama ya kwanza na siku sasisho lilipoingia. Mara nyingi tarehe hizo huwa zimeshikana mikono.

Rekodi za anguko zimo kwenye folda ya C:\Windows\Minidump. Programu ndogo ya BlueScreenView kutoka NirSoft huzisoma na kukuonyesha faili lililotajwa kila mara. Hapa nina kanuni yangu: jina moja likijirudia mara tatu, huyo ndiye. Lakini majina yakibadilika kila siku, leo la waifai, kesho la picha, keshokutwa la diski, usiihukumu draiva. Hapo shuku RAM. Andika mdsched kwenye kisanduku kilekile cha R, uiache mashine ijipime.

Tiba kwa mpangilio wake

Kabla ya yote, nakili mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje. Fanya hivyo waifai ikiwa imezimwa. Hata kama una haraka, hata kama fundi anasema hakuna haja, nakili.

Kama mashine inaanguka mapema mno kabla hujaweza kufanya lolote, ingia hali salama. Mashine ikiwaka, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya "Restart". Isipowaka vizuri, izime kwa kitufe cha umeme wakati nembo inatokea, mara mbili au tatu mfululizo, nayo itafungua ukurasa wa matengenezo. Fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", kisha "Restart". Kwenye orodha bonyeza 4. Namba 5 ni hali salama yenye mtandao, na mtandao ndio unaoukimbia. Tahadhari moja kubwa: laptopu nyingi za Windows 11 zimefungwa kwa BitLocker na zinaweza kukuomba funguo yenye tarakimu 48. Funguo hiyo mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Iulizie na kuiandika kabla hujaanza, hasa kama mashine si yako.

Sasa bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, chagua "Device Manager", fungua "Network adapters", utaiona kadi yenye neno "Wireless" au "Wi-Fi". Ifungue, nenda kwenye "Driver". Kama kitufe cha "Roll Back Driver" kinabonyezeka, kibonyeze. Hiyo hurudisha toleo lililokuwapo kabla ya sasisho la mwisho, na kwa waliokuwa salama hadi wiki iliyopita huwa ndiyo mwisho wa safari.

Kikiwa kimefifia, maana yake Windows haina toleo la zamani. Hali hii ndiyo humpata kila aliyepiga window karibuni. Nenda kwenye tovuti rasmi ya mtengenezaji wa laptopu, weka namba iliyobandikwa chini ya mashine, utafute draiva ya waifai, na usikimbilie ya juu kabisa. Tazama pia za zamani zilizoorodheshwa chini yake. Pakua kwa simu, ihamishe kwa waya. Ukiwa huijui kadi yako, rudi "Device Manager", ingia "Details", chagua "Hardware Ids". Herufi zinazofuata VEN ndizo ukoo: 8086 ni Intel, 168C ni Atheros, 14E4 ni Broadcom, 10EC ni Realtek, 14C3 ni MediaTek. Ziepuke zile paki za draiva zinazozunguka mitaani kwenye flashi, zinazodai kutibu kila mashine. Hukisia, na wakati mwingine huja na wadudu wao.

Kabla ya kuweka draiva njema, ing'oe mbovu na mizizi yake. Kwenye "Uninstall device" weka tiki kwenye kisanduku kinachosema programu ya draiva ifutwe pia. Usipoweka, Windows itaichukua kutoka ghalani mwake mara tu ukiwasha. Wakati huo mashine isiwe na intaneti ya aina yoyote, wala ya waya wa simu, la sivyo Windows Update itakuletea ileile kabla hujamaliza kunywa chai. Ukishasimika nzuri, nenda kwenye masasisho ubonyeze "Pause updates" kwa wiki chache, ujionee kama imetulia. Usiyazuie milele, maana masasisho hayohayo ndiyo yanayoziba matundu ya wezi.

Ukimaliza, chagua "Restart". Wengi huchagua kuzima, wakaamini wameianza mashine upya. Windows za sasa zina mwanzo wa haraka: ukizima, kiini huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyo ukiwasha, pamoja na draiva iliyokwishachanganyikiwa. "Restart" ndiyo huanza ukurasa mweupe.

Kwa ugonjwa wa kulala na kuamka kuna kitu kimoja zaidi. Kwenye kadi ileile, sehemu ya "Power Management", ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Betri itaisha mapema kidogo. Kwetu, ambako umeme hukatika bila kuaga, hilo si dogo, lakini betri iliyopungua nusu saa ni nafuu kuliko kazi iliyopotea.

Laptopu ya mtumba na ukungu wetu

Nyingi ya laptopu zinazopanda mlima kutoka Mombo zimetumika ofisini Ulaya au Uarabuni kabla ya kufika Kariakoo, na kutoka Kariakoo kufika kwetu. Ni mashine imara, lakini zina mambo mawili yao. La kwanza ni umri wa kadi. Kadi iliyotengenezwa enzi za Windows 7 huenda haikuwahi kuandikiwa draiva ya Windows 11, na ile ya zamani inalazimishwa tu. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, wengi wamezisukuma mashine zao kwenda Windows 11 hata zisipostahili. Kama maanguko yameanza baada ya kuhamia huko, usimtafute mchawi mbali.

La pili ni mtikisiko na unyevu. Mashine iliyosafiri juu ya bodaboda kutoka Soni inaweza kuwa na kadi iliyolegea kwenye tundu lake. Na huku kwetu, kompyuta iliyotoka kwenye baridi ya ukungu ikaingia chumba chenye jiko inaweza kutoa jasho ndani kama kioo cha dirisha. Iache ipate joto la chumba kabla ya kuiwasha. Kama umesharekebisha draiva mara mbili na hali ni ileile, mpe fundi aichomoe betri, aitoe kadi, asafishe meno yake kwa kifutio laini, airudishe na kuhakikisha nyaya mbili za antena zimekaa sawasawa.

Kadi ikiwa imekufa kweli, kuibadilisha si kazi kubwa, lakini uliza kwanza. Baadhi ya laptopu za zamani za HP na Lenovo hukataa kadi isiyo kwenye orodha ya kiwanda. Zitakuandikia tangu mwanzo kwamba kifaa hakiruhusiwi, na hazitasonga mbele. Njia rahisi ni adapta ndogo ya waifai inayochomekwa kwenye tundu la USB. Kabla ya kuitumia, izime kadi ya ndani kwenye "Device Manager" kwa "Disable device" ili zisigombane.

Wanaotumia Linux nao wana mganga wao. Amri ya journalctl -k -b -1 huonyesha maneno ya mwisho ya kiini kabla ya anguko lililopita, na lspci -nnk hutaja kadi na moduli inayoiendesha. Moduli ikionekana ndiyo mkosaji, iwekwe kwenye orodha ya zisizoruhusiwa kuwaka hadi kiini kipya kitakapotoka.

Ukienda kwa fundi

Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa. Muulize maswali matatu. Umeona faili gani limetajwa? Umenakili mafaili yangu wapi? Draiva utakayoweka umeitoa wapi? Akishindwa kujibu la kwanza na akasema tupige window tu, chukua mashine yako kwa adabu, umwambie utarudi. Kupiga window kuna siku yake: virusi vimeenea, mafaili ya mfumo yameoza, njia zote zimekwisha. Lakini iwe dawa ya mwisho, na itanguliwe na nakala.

Tena kuna chanjo, nayo hutolewa mtu akiwa mzima. Laptopu yako ikiwa imetulia leo, chomeka flashi, tengeneza ndani yake folda uiite draiva. Tafuta "cmd", uifungue kwa "Run as administrator", kisha uandike pnputil /export-driver * E:\draiva, ukibadilisha herufi E kuwa herufi ya flashi yako. Windows itanakili draiva zote ilizoongezewa, zile ambazo zimethibitika kufanya kazi kwenye mashine hiyo. Flashi hiyo iweke kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa. Siku sasisho litakapokuangusha, hutahitaji intaneti wala paki ya mtaani, kwa kuwa draiva yako njema unayo.

Mwalimu hakuwa nayo. Tuliwasha laptopu yake mezani kwangu, tukaiacha ianguke mara tatu, mara zote jina likawa moja. "Roll Back Driver" ilikuwa imefifia, kama nilivyotarajia. Tulipakua toleo la zamani kwa simu yake, tukang'oa lile jipya, tukaweka la zamani, tukabonyeza "Restart", kisha tukawasha hotspoti. Taarifa za wanafunzi zilikuwa zimeingia kabla ya saa mbili usiku. Kazi yote ilituchukua dakika arobaini.

Alama za muhula uliopita hazikurudi. Alizijumlisha upya kutoka kwenye karatasi za wanafunzi, usiku tatu mfululizo.